Diploma kwenda digrii kwenye fani za biashara: waliopita njia hii Arusha na Moshi wameishia wapi?

#1 Mwanangaramtoni

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Uzi huu nimeuleta kwa sababu ya binti mmoja aliyekaa mbele yangu Jumanne iliyopita. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya utalii hapa Arusha. Kila mwaka kabla ya Juni, wageni hawajaanza kumiminika, tunatafuta mtu wa kusaidia hesabu. Safari hii tuliwaita sita kwenye intavyu, wote wana digrii za uhasibu au za biashara. Watatu walipita form six. Watatu walianza na cheti, wakaja diploma, ndipo wakasoma digrii.

Huwa simwambii mtu ajielezee. Natoa karatasi mbili: taarifa ya benki ya mwezi mmoja, na ukurasa wa kitabu chetu cha fedha wa mwezi huohuo, akaunti ya dola. Kitabu kinazidi benki kwa dola 127. Niambie kwa nini, una dakika arobaini.

Makosa yamo matatu. Wakala alitakiwa kutulipa dola 3,200, zikaingia 3,175 kwa sababu benki ya katikati ilikata 25 njiani. Makato ya mwezi ya benki, dola 12, hayajaandikwa kitabuni. Na malipo ya hoteli ya dola 1,980 yameandikwa 1,890.

Binti yule aliingia wa nne. Yale mawili ya kwanza aliyapata haraka, wengi huyapata. Ikabaki tofauti ya 90. Nikamwona ameacha kupekua, akaandika pembeni mwa karatasi 90 gawanya kwa 9, akapata 10, halafu akaanza kuisoma safu ya malipo kwa kidole kutoka juu. "Hapa kuna tarakimu zimegeuzwa, madam." Dakika kumi na nane. Nikamuuliza hiyo ya tisa, kwamba tarakimu mbili zikibadilishana nafasi tofauti hugawanyika kwa tisa, kafundishwa wapi. Akasema fildi (mafunzo kwa vitendo) ya diploma, kwenye duka la spea Unga Limited, kuna mzee alikuwa anaandika leja kwa mkono na hakumruhusu kugusa kompyuta mpaka aijue.

Mngedhani basi wote watatu wa diploma walifanya vizuri. Hapana. Mmoja alirudisha karatasi ina jina lake tu juu. Na vyeti vyake vinang'aa kuliko vya binti! Nilipomuuliza taratibu nikagundua kwamba tangu amalize form four amekaa darasani miaka sita mfululizo. Fildi zote mbili alipangiwa ofisi ambako alikuwa anapiga fotokopi na kupeleka mafaili. Hajawahi kushika hesabu ya mtu aliye hai.

Ndiyo hoja yangu, na naisema nikiwa nimeipita njia hii mwenyewe. Diploma ina thamani yake kamili kabla hata ya digrii, lakini kwa anayeifanyia kazi. Anayeichukua kama benchi la kusubiria chuo kikuu anaipoteza diploma, na akimaliza hiyo digrii anajikuta yuko nyuma ya aliyetoka form six.

Hesabu ya miaka ni hii, kwa wasioijua. Kwa form six ni miaka miwili ya A-level na mitatu ya digrii, jumla mitano. Anayetoka form four na D zake nne anasoma cheti cha NTA 4 (ngazi ya nne ya vyuo vya kati) mwaka mmoja, diploma yaani NTA 5 na 6 miaka miwili, kisha digrii mitatu. Jumla sita. Tofauti ni mwaka mmoja, lakini ukifika digrii kwa kawaida hupunguziwi kitu. Unaanza mwaka wa kwanza, unafundishwa upya debiti na krediti uliyoijua tangu cheti. Mwaka ule ndio wengi wetu tunaulalia.

Mimi nilimaliza form four 2010, division four. Nyumbani kulikuwa kimya wiki nzima. Mama alikuwa anauza mboga Ngaramtoni, akaniambia shule ni shule, nikaenda kusoma cheti. Diploma nikamaliza 2013. Ada ya digrii haikuwepo, na siku hizo nililia nikiona ni mkosi. Nikaingia duka la jumla la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kilombero, miaka minne. Nondo, saruji, wadaiwa, hundi zinazorudi, stoku inayopungua usiku. Digrii niliianza 2017 kwa masomo ya jioni, nikamaliza 2020.

Mnakumbuka 2020 Arusha ilikuwaje. Wageni walikatika kabisa, kampuni zikapaki magari, watu wakapewa likizo bila malipo. Digrii yangu ilikuwa mbichi kabisa na hakukuwa na wa kuionyesha. Kilichonilisha ni maduka manne ya Kilombero na Kaloleni yaliyonijua tangu enzi za nondo: nikawa nawafungia hesabu na kuwapelekea ritani zao za kodi. Utalii uliporudi, 2022 nikaajiriwa hapa, na hapo ndipo digrii ilipolipa, kwa sababu nafasi hii isingeombwa na mtu wa diploma. Vilevile iliniwezesha kuanzia ngazi ya Intermediate kwenye mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu.

Naomba waliopita njia hii waseme ukweli wao. Mmeishia wapi, na ni kipi kiliwafikisha?

#2 Kibosho_Juu

Dada umeongea. Mimi ni wa form six, nilisoma digrii Moshi, na nataka kuwatetea watu wa diploma kwa jambo moja na kuwaambia ukweli kwa jingine.

Mwaka wa kwanza semista ya kwanza walitubeba. Sisi wa HKL na HGL, michepuo ya sanaa, tulikuwa hatujui kwa nini mali ikiongezeka inakwenda debiti. Tulikuwa tunakaa chini ya miti baada ya kipindi, kaka mmoja wa diploma anachora akaunti za T kwenye vumbi kwa kijiti, anaeleza mpaka inaingia. Bila yeye ningeshika sapu (mitihani ya marudio) tatu.

Ila ilipokuja takwimu na hesabu za biashara, mambo yaligeuka. Wengi wao walikuwa na F ya hesabu form four na wakaikwepa tangu hapo. Wawili wa kundi letu walidisko, yaani waliondolewa chuo, kwa somo hilo hilo, watu ambao kwenye uhasibu walikuwa wanapata A. Inaniuma mpaka leo. Kama uko diploma sasa hivi na hesabu ilikushinda, usingoje, tafuta mtu wa kukufundisha aljebra ya form two na three. Hakuna aibu.

#3 Sinza_to_Sakina

Hiyo ya kugawanya kwa tisa nimeijua leo. Miaka mitano nipo ofisi ya hesabu.

#4 Mwanangaramtoni

@Kibosho_Juu kaka asante, na hilo la hesabu ni kweli tupu. Mimi nilishika sapu ya takwimu. Nikalipia tyusheni kwa mwalimu wa sekondari pale Kijenge wiki sita, ndipo nikaivuka.

#5 Mkeka_wa_Ikama

Naongelea upande wa serikali maana vijana wengi wanasoma digrii wakidhani mshahara utapanda wenyewe siku ya mahafali.

Niliajiriwa halmashauri kwa diploma, kada ya wasaidizi wa hesabu. Baada ya miaka mitatu nikajiunga na digrii ya jioni kimyakimya, bila barua ya ruhusa, nikiogopa bosi atanikatalia. Nikamaliza, nikapeleka cheti, nikitegemea kubadilishiwa kada niwe Afisa Hesabu. Afisa utumishi akafungua faili langu, akaniuliza ruhusa ya masomo iko wapi. Sina. Ikabidi tuanze upya maelezo, barua moja baada ya nyingine. Halafu hata ukikubaliwa, nafasi lazima iwepo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na iwe imetengewa fedha kwenye bajeti. Nilikaa na digrii kabatini miaka miwili na miezi kadhaa nikifanya kazi ileile.

Na jingine ambalo watu hawaambiwi: ukibadilishwa kada unaanza na cheo cha kuingilia cha kada mpya. Kama ulishapanda kwenye kada ya zamani, unaweza kukuta mshahara wako ni mkubwa kuliko wa cheo kipya, ndipo wanakupa mshahara binafsi, na unakaa palepale mpaka cheo kipya kikufikie. Wale wanaomaliza digrii na kuomba moja kwa moja kupitia Sekretarieti ya Ajira wanaingia kama Afisa Hesabu daraja la pili, ngazi ya mshahara TGS D, siku ya kwanza.

Sisemi diploma ni mbaya, iliniingiza serikalini mapema, nimejenga kachumba kangu Sakina na watoto wanasoma. Ila omba ruhusa kwa maandishi, na nakala ya barua uwe nayo nyumbani.

#6 Mzee wa Ritani

Wanangu, nina ofisi ndogo ya ushauri wa kodi, si mbali na Mnara wa Saa. Nimepokea vijana wa fildi na wa kuajiri kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba nisikilizwe kidogo.

Mwanangaramtoni ana karatasi za benki, mimi nina boksi la viatu. Ndani yake kuna risiti za EFD (mashine za kodi) za mwezi mzima za duka moja, zimekunjwakunjwa, nyingine zimefifia. Namwambia kijana pangilia, niambie VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya manunuzi ni kiasi gani. Natazama risiti ya kwanza tu. Ikiwa jumla na VAT ni shilingi 590,000, kijana anayechukua asilimia 18 ya hiyo ataniambia 106,200. Huyo hajawahi kuandaa ritani. VAT imeshamo humo ndani, unagawanya kwa 118 unazidisha kwa 18, inatoka 90,000. Kwenye mtihani hilo ni kosa la alama mbili. Kwa mteja wangu ni shilingi 16,200 amedai TRA zisizo zake kwa risiti moja, na risiti ziko mia mbili.

Nisiwe mwongo, kwenye boksi langu watu wa diploma wanashinda mara nyingi. Lakini wiki mbili baadaye mteja anapokuja na barua ya ukaguzi wa kodi, inatakiwa kujibiwa kwa hoja, kwa kunukuu vifungu vya sheria, kwa lugha iliyonyooka, hapo wengi wa diploma wananiangalia mimi. Aliyesoma digrii vizuri anaweza kukaa na sheria akaisoma mwenyewe. Digrii inafundisha kusoma kitu ambacho hukufundishwa. Hilo nimeliona kwa macho, na ndiyo maana wafanyakazi wangu wawili wa diploma nimewapa ruhusa watoke saa kumi kila siku waende darasani Njiro. Isipokuwa kuanzia tarehe 15 hadi 20. Ritani za VAT mwisho ni tarehe 20, siku hizo chuo kitanisamehe.

#7 Mwanangaramtoni

Shikamoo mzee wangu. Hili la "kusoma kitu ambacho hukufundishwa" sikuwa nimelipata maneno yake. Ndilo lililonitokea mwaka wa tatu.

#8 Kahawa_Mbichi

Moshi tusisahauliwe, maana huku mambo ya biashara na ushirika yana mizizi mirefu. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ni ya 1933, chuo cha ushirika kilianza 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Sokoine 2004, na tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kamili. Wengi wetu tuliopita pale tulitoka kwenye diploma.

Kundi letu la diskasheni tulikuwa saba, wote wa diploma, tulimaliza digrii mwaka mmoja. Kwa kuwa uzi unauliza watu wameishia wapi, nitawataja bila majina. Wawili ni maafisa mikopo kwenye SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo), mmoja Moshi mjini, mwingine Rombo. Mmoja yuko benki Dar, alianza kaunta kwa diploma kabla hata ya digrii na wakampandisha. Mmoja ana duka la nafaka Mbuyuni na uwakala wa pesa, anaendesha vizuri kuliko sisi wote kwa kipato, na anasema hakuna siku aliyoulizwa cheti. Mmoja anafundisha chuo cha kati. Dada mmoja hajapata kazi ya fani mpaka sasa, anauza nguo Memorial. Yeye ndiye aliyekuwa na GPA kubwa kuliko wote, na hakuwahi kufanya kazi popote kabla ya digrii. Nikikutana naye sijui nimwambie nini. Wa saba ni mimi.

Mimi nilikuwa karani wa AMCOS, ushirika wa wakulima, ya kahawa kwa diploma. Kazi yenyewe ni hii: mkulima analeta kahawa ya maganda, unapima, unamwandikia stakabadhi, analipwa malipo ya awali. Kahawa inakobolewa, inakwenda mnadani, bei inajulikana, unatoa gharama zote, kinachobaki ndiyo malipo ya pili. Mama mwenye kilo 84 anataka kujua kwa nini jirani yake mwenye kilo 80 kapata zaidi yake, na anakuuliza mbele ya watu. Usipoweza kumwonyesha madaraja ya kahawa na makato kwenye karatasi mpaka akaelewa, hesabu zako hata COASCO, wakaguzi wa vyama vya ushirika, wakizipitisha, kijijini hazijapita. Nilijifunza hapo kueleza namba kwa mtu asiye mhasibu. Nilipokwenda kwenye intavyu ya SACCOS na digrii yangu, swali la kwanza lilikuwa: mwanachama kakataa salio lake, utafanyaje? Nikamsimulia yule mama.

#9 Kibosho_Juu

Kahawa_Mbichi, huyo dada wa Memorial, kama bado anataka, mpeleke kwa mtu kama Mzee wa Ritani hata miezi mitatu bila mshahara. Ana kichwa, amekosa mahali pa kukigusisha.

#10 Mzee wa Ritani

Aje. Nauli nitampa.

#11 binti_pasua

Dada zangu na kaka zangu shikamooni. Nimesoma uzi wote mara mbili. Mimi nimemaliza diploma ya uhasibu mwaka huu, GPA 2.9. Nilipata msiba semista ya mwisho, baba alifariki, nikafanya mitihani hivyohivyo. Nimeomba digrii nimekataliwa. Nyumbani wanasema nirudie diploma au niolewe. Naombeni ushauri, sina wa kumuuliza.

#12 Mwanangaramtoni

Mdogo wangu, pole sana kwa baba. Mungu ampumzishe mahali pema.

Tuanze na waliokukataa, hawakukuonea. Kiwango cha TCU, tume ya vyuo vikuu, cha kuingia digrii kwa diploma ni GPA 3.0 pamoja na ufaulu wa D nne za form four. Umekosa kwa nukta moja, inaumiza, lakini usirudie diploma. Miaka yako miwili haijapotea.

Kuna mlango ambao wengi hawauoni. Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi, foundation, na mwenye diploma ya GPA kuanzia 2.0 anaruhusiwa kuisoma. Ukipata wastani wa 3.0 kwenye masomo yake sita ya msingi, na angalau C kwenye masomo matatu ya mchepuo wako, unaruhusiwa kuomba digrii kama wengine. Kituo chao kipo Moshi na kipo Arusha, huna haja ya kusafiri. Na kwa kuwa ni masomo ya huria, unaweza kusoma huku unafanya kazi. Nenda mwenyewe kituoni na cheti chako cha form four na matokeo ya diploma, uliza ada na tarehe kwa mdomo wako. Usimpe mtu yeyote wa mtaani hela "akufanyie udahili".

Sasa kazi. Jina lako linaonyesha uko Pasua, Moshi. Fildi yako ulifanyia wapi, na ulishika nini kwa mikono yako? Usiniambie jina la ofisi, niambie kazi.

#13 binti_pasua

Asante sana dada, sikujua kabisa hiyo ya Huria. Fildi ya kwanza nilikuwa duka la dawa za mifugo, nilikuwa naandika mauzo ya kila siku na kuhesabu stoku kila Jumamosi. Ya pili ofisini, nilikuwa masijala tu.

#14 Mkeka_wa_Ikama

Hiyo ya dawa za mifugo ndiyo iandike juu kabisa kwenye CV. Ya masijala mstari mmoja inatosha.

#15 Mwanangaramtoni

Kubali la kaka hapo juu. Na rudi kwenye lile duka wiki hii. Usiende kuomba ajira, mwombe mwenye duka akuache umfungie hesabu za mwezi mmoja: mauzo, manunuzi, wanaodaiwa, dawa zilizoisha muda, na benki. Mwezi ukiisha muonyeshe faida yake kwenye karatasi moja. Dawa za mifugo zinaharibika tarehe ikipita, wengi hawajui wanapoteza kiasi gani hapo. Ukimpa namba hiyo tu, atakutafuta yeye.

Ukikwama kwenye usuluhisho wa benki andika hapahapa, fichia majina, weka tarakimu. Nipo kila siku baada ya saa mbili usiku. Na tofauti ikigawanyika kwa tisa, unajua pa kuanzia.

#16 binti_pasua

Nimekwenda leo. Amekubali. Amenipa daftari tatu na mfuko wa risiti, anasema hakuna aliyewahi kuzifungua tangu Januari. Naanza na benki.